Kunyamaza, kujieleza au kuungama kwa hakimu: njia ipi ukiwa mbele ya mpelelezi?

"Tia saini hapa, asubuhi utarudi nyumbani."

Aliyeambiwa maneno hayo ametoka kulala sakafuni. Hajui ni saa ngapi, maana simu na saa vimebaki kaunta. Mbele yake pana kurasa tatu zilizoandikwa kwa mkono usio wake, na chini ya kila ukurasa kuna mstari wa sahihi au dole gumba. Anatia saini. Asubuhi inafika, nyumbani harudi. Mwaka na ushei baadaye kurasa zilezile zinaletwa mahakamani, wakili wa Serikali anaomba zipokelewe kama kielelezo, na ubishi wote wa siku hiyo unahusu jambo moja: aliyasema haya kwa hiari yake?

Wengi hudhani uamuzi mkubwa hufanyika kizimbani. Mimi naamini ulishafanyika usiku ule, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Maelezo yakishaandikwa na kutiwa saini, kuyang'oa ni kazi ngumu hata kwa wakili hodari, na hata pale sheria ilipo upande wako. Ndiyo maana nalinganisha hapa njia nne ambazo mtuhumiwa anazo akiwa mbele ya mpelelezi: kunyamaza, kujibu maswali, kutoa maelezo ya maandishi yaliyoandaliwa na wakili, na kwenda kuungama mbele ya hakimu au mlinzi wa amani, yaani mtu asiye polisi aliyepewa na sheria mamlaka ya kuandika maungamo. Nchi hazifanani, na njia iliyo salama Marekani inaweza kukugharimu Uingereza. Tuanze na sheria zenyewe.

Ahadi moja, mahakama sita

Ichukue ile ahadi ya kurudi nyumbani asubuhi, uipeleke mbele ya mahakama za nchi sita. Hutapata jibu moja.

Kipimo cha zamani cha sheria ya Kiingereza kiliwekwa wazi na Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni ya Uingereza, mwaka 1914, katika kesi ya Ibrahim: ungamo halipokelewi mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa halikutokana na hofu ya kudhuriwa wala tumaini la kunufaika lililotiwa na mtu mwenye mamlaka. Kwa kipimo hicho ahadi yetu ingetosha kuizika karatasi. Uingereza yenyewe imeshasogea. Tangu Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, jaji huuliza mambo mawili. Je, palikuwa na uonevu? Na je, palisemwa au kufanywa jambo ambalo, kwa mazingira yale, lingeweza kulifanya ungamo lisiaminike? Upande wa mashtaka ukishindwa kuondoa shaka juu ya mojawapo, ungamo linatupwa hata kama lilikuwa la kweli. Hapo ndipo watu hukasirika wakisema mhalifu ameachiwa kwa mbinu za kisheria. Lakini fikiria upande wa pili: sheria ikikubali kipigo kila kinapotoa ukweli, nani atakuwa pale kuzuia kipigo kinachotoa uongo?

Tanzania imechukua mkondo wake. Ungamo kwa polisi hupokelewa likiwa la hiari, na "polisi" kwa maana ya Sheria ya Ushahidi ni kuanzia cheo cha koplo. Sheria hiyohiyo inasema ahadi au tishio peke yake haliliondoi ungamo, isipokuwa mahakama ione kuwa ahadi hiyo ilikuwa ya kumfanya mtu akiri jambo lisilo la kweli. Kwa hiyo maneno yetu yatapimwa uzito. Kinachowasaidia watuhumiwa wengi zaidi ni saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi muda wa msingi wa saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, nao huongezwa kwa utaratibu maalumu. Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo mengi ya onyo, yaani yale ambayo polisi huandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kuhusu haki zake, kwa sababu yaliandikwa nje ya muda huo bila kibali wala maelezo ya kuridhisha. Sababu yake inaeleweka: saa zimeandikwa kwenye karatasi, ngumi hazikuandikwa.

Kenya, ahadi yetu haina hata nafasi ya kujadiliwa, kwa kuwa karatasi yenyewe imekwama mlangoni. Ungamo halithibitishwi mpaka liwe limetolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, mwenye cheo kilichotajwa na sheria, huku mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwepo. Katiba ya 2010 inaongeza kuwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utaondolewa iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. India ilikwenda mbali zaidi tangu 1872: ungamo kwa polisi, wa cheo chochote, halithibitishwi dhidi ya mshtakiwa. Sheria mpya ya ushahidi iliyoanza kutumika Julai 2024 imeibeba kanuni hiyo kama ilivyokuwa.

Ujerumani imeorodhesha mbinu zilizokatazwa kwa majina: kumchosha mtu, kumdanganya, kumtishia kwa jambo lisiloruhusiwa, kumwahidi faida ambayo sheria haiitambui. Maelezo yaliyopatikana hivyo hayatumiki hata mtuhumiwa mwenyewe akikubali yatumike. Ahadi yetu ingekufa pale pale. Marekani mambo ni kinyume. Baada ya onyo la Miranda la mwaka 1966, ambalo polisi humweleza mtu aliye chini ya ulinzi kuwa ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, hiari hupimwa kwa kuangalia mazingira yote kwa pamoja, na udanganyifu wa polisi unavumiliwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ililikubali ungamo la mtu aliyedanganywa na polisi kwamba mwenzake ameshakiri. Ni mwaka 2021 tu ndipo majimbo ya Illinois na Oregon yalipoanza kuzuia udanganyifu wa aina hiyo kwa watoto.

Kunyamaza

Kunyamaza ni haki karibu kila mahali, lakini thamani yake hutofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Marekani kinga ya kimya ni kubwa, ila lazima uidai kwa mdomo. Katika kesi ya Berghuis dhidi ya Thompkins, iliyoamuliwa 2010, mtuhumiwa alikaa karibu saa tatu akisema kidogo sana. Mwishoni akaulizwa kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Akajibu, "Ndiyo." Mahakama ilisema kukaa kimya peke yake hakukutosha kuonyesha kwamba anaitumia haki yake, na jibu lile moja likapokelewa. Mwaka 2013, katika kesi ya Salinas, mtu aliyekwenda kituoni kwa hiari yake alijibu maswali yote isipokuwa moja: kama maganda ya risasi yaliyookotwa yangeoana na bunduki yake. Aliinamisha macho, akauma mdomo. Kuinama kule kulitumika dhidi yake, kwa sababu hakuwa chini ya ulinzi wala hakutamka kwamba anatumia haki yake. Na anayesema "labda nizungumze na wakili" ajue kuwa tangu 1994 neno "labda" halimzuii polisi kuendelea. Lakini akisema waziwazi, "Nataka wakili, sitajibu maswali bila yeye," mahojiano lazima yasimame.

Uingereza na Wales, kimya kina gharama. Onyo lenyewe linakueleza: huna lazima ya kusema lolote, ila utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja sasa jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani. Sheria ya 1994 iliruhusu baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kujiuliza kwa nini hukusema mapema. Kujitetea kuwa wakili alikushauri unyamaze hakukufungulii mlango wa kutokea moja kwa moja. Baraza linaweza kuamini kuwa ulinyamaza kwa kuwa hukuwa na jibu. Kuna mipaka miwili inayokulinda: huwezi kutiwa hatiani kwa kimya peke yake, na kama ulikuwa kituoni na hukupewa nafasi ya kuonana na wakili, kimya chako hakiguswi.

Halafu kuna gharama ambayo haimo katika sheria yoyote ya ushahidi. Japani, mtuhumiwa anaweza kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka kwa tuhuma moja, na kwa kawaida wakili wake haketi naye katika chumba cha mahojiano. Katiba inampa haki ya kunyamaza. Siku ishirini na tatu ni nyingi.

Kujibu maswali yote

Hii ndiyo njia inayomvutia mtu asiye na hatia. "Sijafanya kitu, nikieleza watanielewa." Naiheshimu imani hiyo, na zipo nyakati ambapo ni sahihi: una ushahidi wa mahali ulipokuwa, kamera iliyokurekodi inafuta picha baada ya siku chache, na kila saa ya kukaa kimya inaula ushahidi wako. Hapo kusema mapema, wakili akiwepo, kunaweza kuimaliza kesi kabla haijazaliwa.

Tatizo ni kwamba maneno yako hayapimwi kwa mizani moja. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kauli inayokuumiza huingia kama ushahidi wa ukweli wake, maana mtu hasemi jambo baya juu yake mwenyewe bila sababu. Kauli inayokusaidia haina hadhi hiyo. Ukisema "sikuwepo," maneno hayo kwa kawaida hayathibitishi kwamba hukuwepo; yanaonyesha tu ulivyojibu ulipoulizwa. Kauli yenye pande zote mbili, "nilimpiga lakini nilikuwa najitetea," huingia nzima Uingereza, na hapo tena jaji anaweza kuwaambia wazee wa baraza kwamba sehemu ya kukiri ina uzito kuliko sehemu ya kujitetea. Marekani, wakili wako akijaribu kuileta kauli yako ya kukutetea uliyoitoa polisi, mara nyingi atazuiwa kwa kuwa ni ushahidi wa kusikia, yaani maneno yaliyosemwa nje ya mahakama. Saa tano ulizojieleza, zinazokufunga zinaingia, zinazokufungua zinabaki nje.

Halafu kuna uongo mdogo. Mtu asiye na hatia anadanganya kuwa hakuwa eneo lile kwa sababu alikuwa kwa mtu ambaye familia yake haipaswi kumjua. Uongo huo ukigundulika, unaweza kutumika kuunga mkono ushahidi mwingine dhidi yake. Tangu kesi ya Lucas ya 1981, mahakama za Uingereza hulionya baraza kuwa watu hudanganya kwa aibu au hofu pia. Onyo ni zuri, lakini uongo unakuwa umeshasikiwa. Kati ya kudanganya na kunyamaza, sijawahi kuona hali ambayo ningemshauri mtu achague la kwanza.

Ipo kauli nyingine ambayo watu hawaihesabu kuwa kauli: kwenda kuonyesha. Polisi wanasema, "Haya basi, tupeleke ulipoficha." India, ambako ungamo kwa polisi halipokelewi kabisa, sehemu ya maneno yako iliyosababisha kitu kugunduliwa inapokelewa. Tanzania ina kanuni ya namna hiyo. Uingereza, ungamo likitupwa, kitu kilichopatikana kupitia ungamo hilo chaweza kubaki katika ushahidi. Marekani, kitu kilichopatikana kwa maneno ya hiari yaliyotolewa bila onyo la Miranda hakiondolewi kwa kukosekana kwa onyo hilo tu. Hata maneno yenyewe yaliyokosa onyo yanaweza kurudi kukukosoa ukipanda kizimbani na kusema tofauti. Kwa hiyo anayefikiri "nikinyamaza chumbani lakini nikawaonyesha, sijasema kitu" amesema, na kwa namna ambayo haifutiki.

Na wale wasio na hatia wanaokiri kabisa? Wapo. Kati ya watu walioachiwa Marekani baada ya vipimo vya vinasaba kuonyesha hawakutenda kosa, zaidi ya robo walikuwa wamekiri au kutoa maelezo ya kujitia hatiani. Wale vijana watano wa New York, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 16, walihojiwa mwaka 1989 kwa saa nyingi kuhusu mwanamke aliyeshambuliwa Central Park. Wanne walirekodiwa kwa video wakieleza tukio ambalo hawakulifanya. Saa zilizotangulia video hazikurekodiwa. Hukumu zao zilifutwa 2002, vinasaba vilipolingana na vya mtu mwingine aliyekiri kutenda peke yake. Naitaja kesi hii kwa sababu ya watu wanaosema kwamba video inamaliza ubishi. Video inayoanza pale ungamo linapoanza inaficha kile hasa kilicholizaa. Utafiti wa saikolojia umeonyesha pia kwamba kamera ikimlenga mtuhumiwa peke yake, watazamaji huliona ungamo kuwa la hiari zaidi kuliko inapowaonyesha wote wawili, yeye na anayemhoji.

Maelezo ya maandishi yaliyoandaliwa na wakili

Njia hii haijulikani sana nje ya mawakili, nayo kwangu ndiyo bora pale ambapo kimya kina gharama. Unaketi na wakili faraghani. Anakuuliza yote, pamoja na yale unayoyaonea aibu. Kisha anaandika nusu ukurasa: ulikuwa wapi, nani alianza, unakataa nini. Mnaingia chumba cha mahojiano, maelezo yanasomwa, nakala inakabidhiwa, na maswali yote yanayofuata unayajibu kwa maneno yaleyale: sina la kuongeza.

Uingereza, kesi ya Knight ya mwaka 2003 ilithibitisha kuwa ukiwa umetaja katika maelezo hayo kila jambo unalolitegemea baadaye, kukataa kuhojiwa juu yake hakukudhuru. Faida yake ni kwamba hakuna nafasi ya kuteleza kwenye saa ya nne ya maswali, na maneno ni yako, hayakupitia kalamu ya mtu mwingine. Hatari yake nayo si ndogo. Ukiacha jambo, kimya juu ya jambo hilo kinabaki wazi kuhukumiwa. Ukibadilisha habari baadaye, ile nusu ukurasa itasomwa mbele yako mstari kwa mstari. Kwa hiyo usiitumie kabla ya kujua unatuhumiwa nini hasa, na wakili aulize polisi wana nini kabla ya kuandika neno.

Mahali ambapo sheria haikuadhibu kwa kunyamaza, sioni haraka ya kutoa karatasi hii. Tanzania mtuhumiwa anaweza kuandika maelezo yake mwenyewe, na ni afadhali kuliko kuandikiwa, lakini karatasi yenye mwandiko wako ni vigumu zaidi kuikana. Andika mwenyewe pale tu unapojua unachokiandika na kwa nini.

Yote haya yanategemea kumpata wakili. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki, kwamba kwa kawaida mtuhumiwa awe na wakili tangu mahojiano ya kwanza. Miaka miwili baadaye kesi ya Cadder iliibadilisha Uskochi, ambako polisi walikuwa wakiweza kumhoji mtu kwa muda wa hadi saa sita bila wakili. Ufaransa nayo ililazimika kurekebisha utaratibu wake mwaka 2011. Uingereza wakili wa kituoni ni wa bure kwa kila mtu. Tanzania sheria inakuruhusu kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hata pale ambapo huna uwezo wa kumlipa wakili, ndugu aliyefika, akaona hali yako na kukariri saa, ni shahidi wako wa kesho.

Kuungama mbele ya hakimu au mlinzi wa amani

Mtu aliyetenda kosa na anayetaka kweli kulisema anafaa kulisemea hapa kuliko kituoni. Hii pia ndiyo njia yenye uzito mkubwa kuliko zote, hivyo anayepelekwa huko bila kuelewa anaingia pabaya.

Tofauti inaonekana katika maswali yanayotangulia. Tanzania, mlinzi wa amani anatakiwa kuandika ulikamatwa lini na wapi, ulilala wapi kabla ya kuletwa kwake, kama aliyekukamata au kukuhoji alikuahidi au kukutisha, na kama kweli unataka kusema kwa hiari yako. Anatakiwa aangalie na mwili. India, hakimu lazima akuambie kuwa hulazimiki kuungama na kwamba ukiungama maneno hayo yanaweza kutumika dhidi yako. Zaidi ya hapo, ukimwambia kuwa hutaki kuungama, haruhusiwi kuidhinisha urudishwe mikononi mwa polisi. Naipenda sana kanuni hiyo. Mtu anayejua kuwa usiku atarudi kwa walewale waliomleta anajibu maswali ya hakimu akiwafikiria wao.

Kama umepigwa, hapa ndipo pa kusema. Vua shati, onyesha mgongo, omba iandikwe. Umoja wa Mataifa kupitia Mkataba Dhidi ya Mateso wa 1984 unakataza maelezo yaliyotokana na mateso kutumika katika shauri lolote, isipokuwa dhidi ya mtesaji. Ili kanuni hiyo ikufae lazima pawepo alama fulani kwamba mateso yalitokea. Jeraha lililoandikwa na hakimu siku ya pili lina nguvu kuliko simulizi ya kizimbani mwaka mmoja baadaye. Kinyume chake ni kigumu kumeza lakini ni kweli: ukimwambia mlinzi wa amani "hakuna aliyenigusa," kisha ukasimama mahakamani kusema ulipigwa, swali la kwanza litakuwa kwa nini hukumwambia.

Ukishatia saini

Afrika Mashariki maungamo mengi hukanwa kesi inapoanza, na kuna namna mbili za kuyakana. Ya kwanza ni kusema sikuyatoa kabisa, hii si yangu. Ya pili ni kusema niliyatoa, lakini nililazimishwa. Amua mapema ni ipi na usiichanganye na nyingine, maana anayesema "sikusema kitu na pia nilipigwa nikasema" anajifunga mwenyewe. Hoja ya kulazimishwa ndiyo inayofungua kesi ndani ya kesi: shauri kuu linasimama, polisi waliochukua maelezo wanahojiwa, nawe unaeleza usiku ule, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka.

Pingamizi lenyewe liletwe kabla kielelezo hakijapokelewa. Likija baada ya hapo, huonekana kama jambo lililobuniwa. Maelezo nayo hayatakiwi kusomwa kwa sauti mpaka yamepokelewa. Yakisomwa kwanza, mwenye kuamua ameshayasikia, na wakili wako ainuke hapohapo.

Hata ukishindwa, bado kuna ngazi moja. Kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967, inaitaka mahakama iwe na tahadhari na ungamo lililokanwa, na kwa kawaida itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Ila hailazimishi: mahakama ikiridhika kuwa ungamo ni la kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa hilo peke yake. Uskochi na Japani zinadai ushahidi wa kuunga mkono hata ungamo lisipokanwa. Kwa mtu aliyefungwa kwa karatasi yake mwenyewe, tofauti hiyo ni maisha mazima. Wanaume sita waliohukumiwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham, wanne wao wakiwa wametia saini maungamo, walitoka gerezani 1991. Moja ya mambo yaliyowatoa ni kipimo cha michubuko ya kalamu kwenye karatasi, kilichoonyesha kuwa kumbukumbu za mahojiano ya mmoja wao hazikuandikwa kwa namna na wakati polisi walivyodai.

Chaguo langu

Marekani: tamka kwamba unataka wakili na kwamba unanyamaza, kisha nyamaza kweli, hata maongezi ya mpira. Uingereza na Wales: usijibu kabla ya kuonana na wakili wa bure, halafu, ukiwa na la kujitetea, toa maelezo ya maandishi. Kenya na India: usiogope kimya. Usitoe ungamo kwa mpelelezi ukidhani halitakudhuru kwa sababu halipokelewi. Litawaongoza kwenye vitu, na vitu vinapokelewa. Tanzania: taja jina lako na unakoishi, omba ndugu au wakili, uliza saa na uikariri. Penye ushahidi wa mahali ulipokuwa ambao utapotea, usisubiri popote ulipo, lakini usiutoe peke yako.

Na kama karatasi imeshafika mbele yako na umeamua kusaini, isome yote, au uombe usomewe kwa lugha unayoielewa, mbele ya mtu wako. Penye kosa, lirekebishwe na utie herufi za jina lako pembeni. Nafasi tupu mwishoni mwa ukurasa ipigwe mstari wa mshazari mpaka chini, pasiongezwe neno baada yako. Ukiambiwa uandike kuwa umesoma na kuridhika wakati hujasoma, usiandike. Andika saa uliyosaini karibu na jina lako, hata kama nafasi ya saa tayari imejazwa na mtu mwingine.